Naomba ushauri: mpira wa chini upande wa nje unanipotea

Habari zenu wakuu. Naamua besiboli ya vijana hapa Marekani, najiandaa kwa kambi ya kuchuja waamuzi wa ligi ndogo za kulipwa. Nyuma ya pleti (kibao cha chini ambacho mpira hurushwa kupita juu yake) nasimama kwenye upenyo kati ya mdakaji na mpigaji, kidevu usawa wa juu ya kofia ya mdakaji. Mdakaji akijibana kwa mpigaji, upenyo unafungwa. Kona ya nje ya pleti, iliyo mbali na mpigaji, siioni, naita boli (yaani umekosa eneo halali) mpira uliokata ukingo kabisa.

Nimejaribu kuchelewesha wito mpaka glavu ifunge, na kufuata mpira kwa macho, kichwa kikitulia. Imesaidia kidogo. Kuinama zaidi kumeharibu mipira ya juu.

Upenyo ukifungwa, ninyanyuke juu ya mdakaji au nihamie nje? Na wachujaji hupima zaidi mkao au usahihi wa wito?