Naomba ushauri: kusafisha picha ya inchi 24 kwa 36 kutoka faili la megapikseli 24

Wakuu, heshima kwenu. Kuna picha ya harusi inayotakiwa kusafishwa inchi 24 kwa 36, itundikwe sebuleni. Faili ni pikseli 4000 kwa 6000, kwa hiyo inaangukia kama pikseli 166 kwa inchi. Kwa mtazamaji aliye mita moja na nusu naona inatosha, lakini fundi wa kusafisha anang'ang'ania 300 kwa inchi. Kufika huko programu lazima ibuni pikseli mpaka 7200 kwa 10800, na hapo ndipo ngozi huanza kufanana na plastiki. (Kubadilisha tu namba iwe 300 bila kuongeza pikseli ni kujidanganya, hilo tuliache.)

RAW (faili ghafi la kamera) ipo. TIFF (faili la picha lisilobanwa) ya biti 16 ni MB 144, ikikuzwa inapita 460. Fundi anapokea JPEG ya sRGB (mpangilio wa kawaida wa rangi) pekee, kwa flashi, maana WhatsApp ikitumwa kama picha inaibana.

Je, mngeikuza wenyewe au mngempa ilivyo? Na kwa karatasi isiyong'aa, ambayo hufifisha ukali, mnanoa kiasi gani baada ya kukuza?