Naomba ushauri: gamba la konokono liwekwe kwenye kundi la hai au lisilo hai?

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nafundisha sayansi darasa la tatu na nimekwama.

Juzi tulikuwa kwenye viumbe hai na vitu visivyo hai. Binti mmoja akaleta simbi, yaani gamba tupu la konokono wa baharini, aliyoiokota ufukweni, akauliza aiweke upande upi. Nikamjibu si hai. Akasema, "Mwalimu, mbona konokono akikua na gamba lake linakua?" Sitaki kumpa jibu la kumnyamazisha tu, maana swali lake ni zuri kweli.

Ninavyoelewa, gamba la konokono kwa sehemu kubwa ni kalisiamu kaboneti, inayotolewa na ngozi laini ya mnyama mwenyewe. Lenyewe halina seli, halipumui; linaongezwa ukingoni kidogo kidogo, kama fundi anavyopandisha ukuta. Ila kobe ndiye ananivuruga. Gamba lake ni mfupa ulioungana na mbavu na uti wa mgongo, lina damu na mishipa ya fahamu, na ukiligusa anahisi. Basi la kobe ni hai, la konokono si hai? Na simbi tupu iwe kundi moja na jiwe?

Nawaza kuongeza kundi la tatu, "vilivyotokana na viumbe hai", pamoja na manyoya, mbao na ganda la yai. Lakini mtihani una makundi mawili tu. Walimu wenzangu, mnawaelezaje watoto wa miaka tisa bila kuwachanganya? Kipindi ni Jumatatu.