Bomba la mpini mmoja linadondosha: washa yake (kipira cha kuzibia maji) iko wapi?

Kisima: Wakuu, bomba la sinki la jikoni, lile la mpini mmoja wa maji moto na baridi, linadondosha hata likifungwa. Kukandamiza mpini hakusaidii. Washa iko wapi, na ni ya saizi gani?

NatiLegevu: Mkuu, hilo halina washa. Ndani kuna katriji, kopo dogo la plastiki lenye visahani vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Chembe ya mchanga ikipita katikati huchora kauri, na maji hupenya hapo. Hubadilishwa kopo zima.

Funga koki zote mbili chini ya sinki, inua mpini maji yaliyobaki yatoke. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, maana skrubu ya mpini ni ndogo na ikizama ndiyo basi. Banua kifuniko chenye alama nyekundu na bluu, legeza skrubu kwa elenki (ufunguo wa pembe sita), chomoa mpini. Kofia ya kromu hufunguka kwa mkono. Nati iliyo chini yake inataka spana. Katriji itatoka ikivutwa wima.

Pima2: Usinunue kwa kukisia. Kipenyo kwa kawaida ni milimita 35 au 40, lakini hicho pekee hakitoshi: linganisha pia urefu wa shina, na kama kitako ni bapa au kimeinuka. Nenda na ile ya zamani mkononi.

Wengi huharibu kwenye kurudishia. Chokaa iliyoachwa na maji ikibaki chini ya tundu la bomba inamokaa katriji, vimpira vya chini havikai sawa na katriji mpya itavuja siku hiyo hiyo. Futa mpaka shaba iwe laini. Pini mbili za kitako lazima zitumbukie kwenye matundu yake. Zikikaa pembeni halafu ukabana nati, plastiki inapasuka. Nati ibane kwa mkono, umalizie na spana kidogo tu. Ukizidisha, mpini unakuwa mzito.

Kisima: Na maji yanayochuruzika pale shingo inapozungukia?

NatiLegevu: Hizo ni oringi, yaani vipete vya mpira vya kuzuia maji. Katriji ikiwa nje, shingo za aina nyingi huvutwa juu. Oringi kuukuu zikate, usizichokonoe kwa bisibisi. Mkwaruzo kwenye shaba utavujisha hata mpya. Paka grisi ya silikoni, si ya gari, ambayo huvimbisha baadhi ya mipira.

Pima2: Kabla ya kufungulia maji, toa chujio la mdomoni, inua mpini, kisha fungua koki taratibu ili takataka zitoke zote.

Wenye mabomba ya kuzungusha mpini mara kadhaa, washa ya mpira iko kwenu. Mkiibadilisha na bado linadondosha, kikalio cha shaba, pale washa inapokandamizwa, kimelika. Kisawazisheni kwa kifaa cha kusagia vikalio, la sivyo washa mpya nayo italiwa.