Altezza RS200: nibebe manual au auto?

Mbezi_Mwisho: Wakuu, habari za jioni. Nimepata Toyota Altezza RS200 mbili, bei hazipishani sana. Moja manual ya gia sita, nyingine auto ya gia tano yenye vitufe vya kubadilishia gia kwenye usukani. Nakaa Mbezi, kazini Posta, na mara mbili tatu kwa mwaka naenda Iringa kwa wazazi. Nataka gari tamu, lakini ndiyo hiyo hiyo ya kila siku. Nishaurini.

Gereji_Ilala: Mkuu, zote zina injini ya 3S-GE ya lita mbili, ila manual ilitoka kiwandani na nguvu farasi 210, auto 200. Na nguvu yenyewe iko juu: hizo 210 inazitoa injini ikizunguka mara 7600 kwa dakika. Haina turbo, kwa hiyo huku chini imepoa. Ukiikanyaga auto, inakawia kidogo ndipo ishushe gia. Manual unashusha mwenyewe hadi ya tatu, mshale wa mizunguko unapanda, gari inaitika papo hapo. Injini ya hivi inataka manual.

Mama_Kimara: Kaka, nimeendesha manual miaka minne njia hiyo hiyo. Saa kumi na moja jioni, Magomeni hadi Kimara ni klachi, gia ya kwanza, breki, klachi tena. Goti la kushoto lilikuwa linaniuma hadi kitandani. Klachi ilipoisha, giaboksi ikashushwa, nikanunua pleti, presha pleti na beringi kwa mpigo. Nipo kwenye auto sasa, sijutii hata siku moja. Iringa unakwenda mara tatu kwa mwaka, foleni unaikuta kesho asubuhi.

Mteremko: Dada, hapo kweli. Ila mlima Kitonga, njia ya Iringa, napo si pa kuchezea. Kwa manual unateremka na gia ya pili, injini inakushikia gari, breki hazichemki. Auto nayo inaweza kwa vile vitufe, tatizo wengi wanaacha kwenye D na kukanyaga breki hadi zinanuka.

GTI_Nairobi: Mimi niko na Golf GTI ya DSG, giaboksi inayojibadilisha yenyewe. Ina klachi mbili, moja ya gia 1, 3, 5, nyingine ya 2, 4, 6, hivyo gia inayofuata iko tayari. Mkono wangu hauifikii kwa kasi. Lakini oili yake ni kila kilomita 60,000, usiipitishe. Auto ya Altezza ni ya aina nyingine kabisa, usitarajie hayo.

Mbezi_Mwisho: Dada kanigusa, lakini moyo uko kwenye manual. Klachi nitaikaguaje?

Gereji_Ilala: Vuta handbreki, weka gia ya nne, achia klachi taratibu. Injini ikizima, pleti ipo. Ikiendelea kuunguruma na gari haijongei, pleti imekwisha, mwambie muuzaji apunguze bei. Kisha barabarani toka ya tatu kwenda ya pili. Ikikwaruza, iache hapo hapo, chukua ile auto.

Mbezi_Mwisho: Jumamosi saa tatu naenda kuiona. Nitarudi kuwaambia.