Majitaka yanafurika kila bamvua: tubishe mlango upi?

Mkazi wa Tudor

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Pwani. Ninaishi Tudor, kisiwani Mombasa, upande unaoteremka kuelekea kwenye hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Katika njia yetu ya ndani kuna chemba ya majitaka ambayo kifuniko chake kimepasuka, na kila bahari inapojaa kupita kawaida wakati wa bamvua, hasa mvua ikiwa imenyesha, hufurika na kutiririka kati ya nyumba hadi kwenye mikoko. Watoto huruka maji hayo wakienda madrasa, na wavuvi huyakanyaga wakishuka kwenye madau yao.

Tulipeleka malalamiko ofisi moja tukaambiwa tatizo ni la ofisi nyingine, na hiyo nyingine ikaturudisha tulikotoka. Naomba wenye ujuzi watueleze ni nani hasa anayewajibika kwa majitaka katika mji kama wetu, na kwa nini chemba ifurike kwa kufuata kujaa kwa bahari. Pia, nyumba nyingi hapa bado zinatumia mashimo ya choo, na baadhi zina visima. Je, kuunganishwa na bomba kuu kutatosha?

Msomaji wa Sheria

Waaleikum salaam ndugu yangu. Mkanganyiko huo unatokana na jinsi kazi ilivyogawanywa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi serikali za kaunti huduma za maji na usafi wa mazingira, pamoja na mifereji ya maji ya mvua mijini. Kisha Sheria ya Maji ya 2016 ikaweka mashirika ya kujenga miundombinu mikubwa, na la Pwani linahudumia kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Huduma ya kila siku hutolewa na kampuni ya maji, ambayo ni mali ya kaunti, na bei zake huidhinishwa na mdhibiti wa kitaifa, WASREB.

Kwa hiyo chemba iliyovunjika ni kazi ya kampuni ya maji. Mtaro wa mvua ulioziba ni wa kaunti yenyewe. Majitaka yakifika baharini, NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, nayo inahusika, kwa kuwa Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka viwango vya maji yanayoruhusiwa kumwagwa kwenye mazingira. Andikeni barua moja na kuinakili kwa wote watatu, mkitaja mahali, tarehe na saa, na mkiambatisha picha, ili asiwepo wa kusema kwamba hakupata habari. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha kuridhisha cha usafi wa mazingira, nami ningekinukuu katika sentensi ya kwanza.

Fundi wa Mabomba

Nitajibu kuhusu bamvua. Mabomba ya majitaka hutegemea mteremko, na katika maeneo ya chini karibu na ufuo bomba huwa limezikwa karibu na kimo cha maji yanayojaa. Likiwa na nyufa, au kama mdomo wake wa dharura wa kumwaga baharini hauna vali ya kuzuia maji kurudi, bahari huingia ndani. Majitaka ya juu hukosa pa kwenda na hutokea kwenye chemba iliyo chini kuliko zote. Linganisheni saa za kufurika na jedwali la maji kujaa na kupwa; zikilingana kwa wiki kadhaa, huo ni ushahidi ambao mhandisi hawezi kuupuuza.

Maji ya chumvi huendelea kuharibu hata baada ya hapo, kwani huwasumbua bakteria wanaofanya kazi ya kusafisha majitaka katika mtambo, na pia huchangia gesi inayokula saruji ya mabomba kutoka ndani.

Yako mambo mengine mawili yanayozidisha tatizo, na la kwanza tunalisababisha sisi wakazi. Mvua ikijaa uani, watu hufungua chemba ili maji yapite, na bomba lililopimwa kwa majitaka peke yake hupokea mara kadhaa ya uwezo wake. La pili ni mgao wa maji, ingawa hilo si kosa la mkazi. Mombasa hutegemea maji ya mbali, kama ya chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na mfereji wa maji safi nyumbani ukikauka kwa siku nyingi, uchafu hukosa maji ya kuusukuma, hutuama na kuganda. Ndiyo maana sikubaliani na wanaopanga maji safi kwanza na majitaka baadaye.

Afisa wa Afya, Kilifi

Ninaongeza kuhusu mashimo, kwa sababu naona swali hilo limeachwa. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu na nyufa, ambao haukawizi maji ya shimo la choo kama udongo unavyoyakawiza. Shimo likiwa mita chache kutoka kisimani, mnakunywa mlichomwaga, hata kama maji yanaonekana meupe. Katika mji mkongwe wa Lamu hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa nyumba zimebanana kiasi kwamba nafasi ya kutenganisha choo na kisima haipo. Malindi nayo imekua kwa miaka mingi bila mtandao wa mabomba ya majitaka.

Kwa hiyo sitawashauri msubiri bomba. Ombeni kaunti isimamie malori ya kunyonya majitaka: yawe na leseni, bei ijulikane, na pawepo mahali halali pa kumwaga, kwani dereva asiye na pa kwenda atamwaga kwenye hori usiku. Maji ya kisima yatumike kwa kufulia, na ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini hata kama kisima hakijawahi kuleta ugonjwa.

Mkazi wa Tudor

Nawashukuru sana. Barua tutaiandika wiki hii, na vijana wa mtaa wamekubali kuandika saa za kufurika kuanzia mwezi mwandamo. Swali langu kwa Fundi: je, kampuni inaweza kuweka vali kwenye bomba lililopo, au ni lazima lifukuliwe?

Fundi wa Mabomba

Ndugu yangu, kama mdomo unafikika maji yakipwa, vali huwekwa bila kufukua. Nyufa ndizo zitakazohitaji kamera ipitishwe ndani kwanza. Ombeni ukaguzi huo kwa maandishi katika barua hiyo hiyo.