Mama mkwe wa Georgia anakuja mwaka mpya na nguruwe haingii jikoni kwangu. Nisaidieni

Binti_Ngamiani

Wakuu, habari za huko. Mimi mzaliwa wa Tanga, nimeolewa hapa Georgia, Marekani, huu mwaka wa tatu. Mume wangu alisilimu kabla hatujaoana, ila kwao nguruwe yumo kila mahali. Mboga za majani zina nguruwe, kunde zina nguruwe, hata maharage mabichi yanachemshwa na kipande chake. Tarehe 1 Januari ukoo mzima unakuja kula kwangu kwa mara ya kwanza. Siku hiyo kwao lazima ziliwe kunde, majani na mkate wa mahindi: kunde ni sarafu, majani ni noti, mkate ni dhahabu. Ukikosa kimoja, ufukara umejitakia mwenyewe.

Mwezi wa 11 nilijaribu. Majani yao wanayaita kolardi, kwa macho yangu ni sukuma wiki tu. Nikayakata membamba kama nyuzi, nikakaanga na kitunguu na nyanya, dakika kumi nikaepua. Mama mkwe akaonja, akaweka uma chini, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, haya utayapika saa ngapi?" Mume wangu alitoka nje kwenda kucheka.

Nguruwe hajadiliwi. Halafu mume ana presha, daktari kamwambia apunguze chumvi. Je, chakula hiki kinaweza kupikwa hivyo na mama mkwe akakitambua?

Jamaa_wa_Kawangware

Pole dada, lakini huyo mama ndiye mwenye makosa 😂 Sukuma ikikaa jikoni zaidi ya dakika kumi hiyo ni maiti. Mwambie aje Nairobi tumfunze.

Mama_Sombe

Wewe Jamaa, nyamaza. Mimi niko Clarkston, hapa hapa Georgia, nimetoka Goma. Sombe yetu, majani ya muhogo, inakaa kwenye moto masaa mawili, matatu, na hakuna mtu ameita maiti. Huyo mama ni mtu wangu kabisa.

Binti, kwenu Tanga kisamvu munakipika dakika kumi? Basi hayo majani usiyaone kama sukuma, yaone kama kisamvu. Ukibadilisha hiyo kwenye kichwa, kazi nusu imekwisha.

Binti_Ngamiani

Mama Sombe, umeniua. Kisamvu! Miaka mitatu sikuwahi kuwaza hivyo.

Mpishi_wa_Pwani_Nyingine

Dada, nipo jikoni za mikahawa ya Charleston, South Carolina, mwaka wa sita, na swali lako ndilo linalotulisha huku. Wateja wanataka ladha ya bibi zao ila hawataki nguruwe, au wana presha, au wameacha nyama kabisa.

Jiulize kwanza nguruwe alikuwa anafanya nini mle chunguni. Alikuwa analeta moshi, chumvi, mafuta, na ule utelezi unaofanya mchuzi ugande midomoni. Vyote vina mbadala, ila muda hauna.

Tafuta mabawa au shingo za bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi, awe wa halali. Huwa wana chumvi nyingi mno, kwa hiyo wachemshe dakika kumi, mwaga maji yale, anza na maji mapya. Ongeza miguu ya kuku minne mitano, hiyo ndiyo inaleta utelezi. (Wenzangu wa jikoni walinishangaa, sasa wote wanafanya.) Kitunguu, vitunguu saumu, pilipili kavu moja. Acha itokote polepole saa nzima kabla jani halijaingia. Majani toa mishipa minene ya katikati, osha maji matatu maana mchanga wake ni mkaidi, kata mapana kama vidole viwili. Tia, funika, dakika 45 hadi saa moja. Ukishaepua ndipo utie siki, vijiko viwili hivi, na ndipo uonje chumvi. Siki inaamsha ulimi, utashangaa chumvi inayohitajika ni kidogo kiasi gani.

Na ule mchuzi USIUMWAGE. Wenyewe wanauita potlikka, wanachovya mkate wa mahindi humo. Mama mkwe akiona umeuleta kwenye bakuli lake, mengine yote atasamehe.

Ukimkosa bata mzinga wa halali, tumia paprika ya moshi na uyoga mkavu. Si sawasawa, lakini inakaribia.

Chumvi_Kidogo

Kwenye kunde tia tui la nazi, mtapona wote.

Mpishi_wa_Pwani_Nyingine

Siku nyingine ndiyo, siku hiyo hapana. Kunde na wali wao, Hoppin' John, ni ndugu wa wali wetu wa kunde. Kunde zenyewe na bamia asili yake Afrika, zilikuja na watu waliotekwa, na mpunga wa South Carolina ulilimwa na mikono hiyohiyo. Wapishi wa sasa wanalisema waziwazi. Mashama Bailey ana mgahawa Savannah ndani ya kituo cha zamani cha mabasi ya Greyhound, na mwaka 2022 alipata tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa Marekani nzima. Kwa hiyo nazi haitakuwa dhambi. Ila ukibadilisha kila kitu siku moja, mama wa watu atakula nini anachokijua?

Bi_Mkubwa_Pongwe

Mwanangu, haya ya bata na miguu ya kuku ni mazuri. Ila hujatuambia kama umempigia simu mkweo. Mpigie kabla ya siku. Usimwombe ruhusa, mwombe akufundishe mkate. Mboga umweleze mapema kwamba haina nguruwe, asije akaitafuta nyama kwenye sahani mbele ya watu.

Jamaa_wa_Kawangware

Mkate unawekwa sukari?

Mpishi_wa_Pwani_Nyingine

Ndugu yangu, hapo umewasha moto. Kuna familia ukitia sukari wanakwambia umeoka keki, na kuna familia usipotia wanakuuliza umefilisika. Binti amuulize mkwewe, asitusikilize sisi.

Binti_Ngamiani

Mrejesho. Nilimpigia. Sukari: kijiko kimoja, "na usimwambie dada yangu." Nilipomwambia bata mzinga akanyamaza kidogo, akasema sawa, ila yeye atakuja na siki yake mwenyewe ya pilipili.

Jana nikafanya majaribio. Majani, wallahi, mume amekunywa mchuzi kwenye kikombe. Mkate ndio umeniangusha. Nimetumia unga wa ugali, mtindi, yai moja, hamira ya unga (baking powder), samli kwenye kikaango cha chuma, oveni nyuzi 220. Chini umeganda wote, nimeung'oa kwa kisu.

Mpishi_wa_Pwani_Nyingine

Kikaango ulikitia kwenye oveni kitupu kikapata moto kwanza?

Binti_Ngamiani

Hapana.

Mpishi_wa_Pwani_Nyingine

Kitie na samli yake dakika kumi. Uji wa unga ukiumimina lazima usikie chaaa. Usiposikia, rudisha kikaango ndani. Na unga wa ugali ni laini mno, chukua wa chenga.