Mageuzi ya malezi ya watoto Kenya: tupime nini?

Swali
Wadau, Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi (2022–2032) unataka watoto watoke makaoni (makao ya kulelea watoto) warudi kwenye familia. Ripoti zinajisifu kwamba idadi makaoni imeshuka. Je, hiyo inatosha kuonyesha mpango unafaulu?

Jibu 1
Haitoshi hata kidogo. Idadi hushuka pia mtoto akifikisha miaka 18, akitoroka au akihamishiwa makao mengine. Na kuna ujanja wa makao kujiita shule ya bweni. Chukua orodha ya wote waliotoka katika robo moja ya mwaka, andika sababu ya kila mmoja, kisha wafuatilie mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Wasiopatikana wabaki kwenye hesabu. Ukiwafuta, asilimia ya waliofaulu inanona bure. Hesabu wanaoingia pia: wakitoka 40 na kuingia 38, mlango wa nyuma uko wazi.

Jibu 2
Mlinganishe mtoto aliyerudi na wenzake wa nyumba hiyohiyo: siku za shule, nani anachota maji, nani analala wapi. Ongea naye mlezi akiwa mbali, la sivyo utaambiwa "niko sawa" tu.

Swali tena
Na upande wa pesa?

Jibu 3
Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa kaya maskini pesa, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya, wawe watoto wawili au sita. Wengi walipelekwa makaoni kwa sababu ya umaskini, kwa hiyo kagua tarehe: kaya iliandikishwa kabla mtoto hajarudi, au baadaye? Ikiwa baadaye, ile miezi ya mwanzo ndiyo hatari zaidi.